Ua la Mpira, Kutoka Mikuyu ya Nyakato Hadi Mawe ya Kirumba

Siku mliyoniaga pale kwenye kitalu chetu cha miche, vijana wangu, mlinipa kitenge, mkanipa keki, mkanipa na kipaza sauti. Kitenge na keki nilivipokea vizuri. Kipaza sauti kilinishinda, nikasema asante nikakaa chini, na nadhani mlifarijika maana soda zilikuwa zimeanza kupata moto. Baadaye tukiwa tunakusanya viti, mmoja wenu akaniuliza, "Mama Vero, lile ua jekundu la kivulini nyuma ya ofisi ulilitoa wapi? Mbona kwingine hatulioni?" Nikamjibu kwamba nilipewa. Halikuwa jibu. Sasa ninao muda, kwa hiyo nitawaeleza inavyotakiwa.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vyangu mnavijua, na mishahara mnaipokea wenyewe.

Kazi sikuianzia kwenu. Niliianzia mwanzoni mwa miaka ya tisini katika kiwanda kimoja cha nguo kule Nyakato, Mwanza, kilichokuwa mali ya umma. Nilitoka Ukerewe nikiwa msichana, na niliyokuwa nikiiwazia njia nzima ni mashine ya kufuma. Mashine zilikuwa zimejaa watu, na nyingine zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Karani aliniangalia mikono, akamwambia mwenzake, "Huyu ni mkulima. Mpelekeni bustanini." Nililia kutoka ofisini hadi bustanini. Bahati nzuri hapakuwa mbali.

Huko nikamkuta Mzee Felisian, mkuu wa bustani. Alikuwa Mhaya wa upande wa misitu ya Minziro, mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua liwe kali namna gani. Mke wake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na binti yake wa pekee, Edita, alikuwa ameolewa Bukoba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unalilia nini?"

"Nilitaka kazi ya mashine."

"Mashine zina kelele. Huku utasikia hata unachowaza." Akanikabidhi reki. "Anza getini, uje nayo mpaka kwenye ile mikuyu. Ukifika pale simama. Majani ya chini ya mikuyu hayaguswi."

Nilifanya hivyo, huku nikijisemea kwamba nimepata bosi mvivu. Nyumbani kwetu uwanja usiofagiliwa ni aibu ya mama mwenye nyumba. Jioni, wafanyakazi wa zamu walipokuwa wakitoka, Mzee aliniita chini ya mikuyu, akapiga magoti, akayafukua yale majani kwa vidole taratibu kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Juu yalikuwa makavu. Chini yake yalikuwa meusi, mabichi, yananukia mvua. Na katikati ya weusi ule kulikuwa na kichwa cha kitunguu kikubwa, kimechomoza shingo tu.

"Hawa nimetoka nao kwetu," akasema. "Msituni wanaishi chini ya miti mikubwa. Hawapendi jua, hawapendi kufukuliwafukuliwa, na hawapendi mtu mwenye haraka."

Jina la kitaalamu la mmea ule liko kwenye vitabu vyenu. Sisi kiwandani tuliuita ua la mpira, kwa sababu likichanua ni duara kamili, kubwa kama mpira wa watoto wa shule, jekundu, limejaa vijinyuzi mamia vinavyosimama kila upande. Lakini wakati ule mimi sikulijua hilo, wala Mzee hakuwahi kuliona Mwanza. Alivipanda vitunguu vile miaka kadhaa kabla sijafika, na havikuwahi kumpa hata ua moja. Vilitoa majani mapana, yakapendeza, yakafa. Basi.

Hiyo ndiyo kesi ngumu ya kwanza katika kazi yangu, nami nilifundishwa nayo kila kitu. Tulikuta tunavipanda chini sana, na vinataka shingo iwe sawasawa na udongo. Tulikuta tunavimwagilia kiangazi kwa huruma, kumbe kiangazi vimelala na maji yanavioza. Tulikuta viwavi weusi wenye milia ya njano, wanaoingia kwenye jani wakashuka ndani mpaka kwenye kitunguu chenyewe. Dawa yao ni vidole. Kila asubuhi tulipita tukiwaokota na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Mzee hakuwahi kuwachukia. "Nao wana watoto," alisema, akiwazamisha.

Kesi nyingine ilikuwa meneja utawala, mtu mwema aliyependa wageni. Alisikia kuna ua la ajabu, akaagiza lihamishiwe getini ambako litaonekana. Mzee alimweleza habari ya kivuli. Meneja akasema kivuli getini hakuna, kwa hiyo ua lizoee. Tulihamisha vitunguu vichache. Majani yalipotoka yaliungua pembeni, yakawa kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Meneja alipita akayatazama, asubuhi moja, na nyingine, kisha akaagiza tupande mijohoro. Hakulitaja tena ua la mpira, nasi hatukumkumbusha.

Chini ya mikuyu tulikuwa na mgeni wa kila mchana. Aliitwa Mama Kulwa, Msukuma wa idara ya kusokota nyuzi, mjane, mama wa mapacha ambao tayari walikuwa watu wazima. Alikuja kula pale wakati wa mapumziko kwa sababu ndani kulikuwa na joto na vumbi la pamba. Ulimi wake haukujua breki. Mimi aliniita Velo, na mpaka leo ananiita Velo.

"Mzee," alisema siku moja, akielekeza kijiko kwenye majani makavu, "hivi huyu mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Si mgonjwa. Amelala."

"Analala tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Na akiamka?"

"Akiamka anachanua. Wiki mbili hivi."

"Halafu?"

"Halafu analala."

Mama Kulwa akaweka bakuli chini. "Hilo si ua. Huyo ni mwanamume."

Sikuwahi kumwona Mzee Felisian akicheka namna ile. Alilazimika kufungua kifungo cha juu cha shati.

Lilichanua msimu wa vuli uliofuata. Mvua za kwanza zilinyesha, na kabla hata ya majani kutoka, shina nene lenye madoadoa likasukuma takataka pembeni likasimama, na juu yake mpira mwekundu ukafunguka. Halikuwa moja. Yalichanua mengi siku zilezile, kivuli chote chini ya mikuyu kikawaka. Watu wa zamu ya asubuhi walisimama wakawazuia wa zamu ya mchana kuingia. Msimamizi alikuja kuwafukuza, naye akasimama. Mzee Felisian alivua kofia akaishika mbele ya kifua kama yuko kanisani, na nilipomsogelea niliona machozi, nikarudi nyuma nikajifanya natafuta reki.

Kuanzia mwaka ule, vuli ilikuwa sikukuu yetu. Mpiga picha mmoja wa Mirongo alikuwa anakuja Jumamosi na kamera yake, na wasichana wa kiwandani walikuwa wanavaa gauni za Jumapili siku ya kazi. Nyumba nyingi za Nyakato bado zina picha hizo ukutani, mtu amechuchumaa, anatabasamu, na mpira mwekundu kila upande. Mama Kulwa anayo moja. Amekaa ameangalia pembeni, na kwa muda mrefu sikujua alikuwa anamwangalia nani.

Kisha nchi ikabadilika. Mlizaliwa mmekuta mambo yameshabadilika, kwa hiyo mnadhani yalikuwa hivi siku zote. Nguo za mitumba zilijaa mjini, na kitambaa chetu kikawa kinalala ghalani. Tukasikia kiwanda kitauzwa, tukasikia hakitauzwa, tukasikia kimeshauzwa. Siku moja tulikusanywa uwanjani, mtu tusiyemjua akapanda nyuma ya pikapu akasoma majina ya wanaopunguzwa kazi. Alisoma vizuri sana, kwa sauti ya upole, kama anayesoma matokeo ya mtihani ambao sote tumefaulu. Mama Kulwa alitajwa. Mzee Felisian alitajwa. Mimi sikutajwa, kwa sababu bustani ilihitaji mtu mmoja na mimi ndiye niliyekuwa kijana.

Mzee hakubishana. Aliosha majembe na mabeleshi yote, akayakausha kwa gunia, akayapaka oili chafu yasipate kutu. Hivyo ndivyo ninavyowasumbua ninyi kila Ijumaa, na sasa mnajua lawama mzipeleke wapi. Kisha akaniita kwenye mikuyu.

"Mimi narudi nyumbani, mwanangu. Nina migomba yangu kule. Hawa nakuachia."

"Nikishindwa je?"

"Kiangazi usiwamwagilie. Mengine utayaona."

Nilimsindikiza bandarini. Alipanda meli ya Bukoba akiwa na begi moja na shati limefungwa mpaka shingoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kumlilia bosi.

Mwenye mali mpya alileta meneja wake, kijana mpole mwenye miwani, aliyefanya kazi mpaka jua lizame. Haukupita mwaka nikasikia mikuyu itakatwa, mahali pale pawe pa kuegesha malori. Nikaomba kumwona.

"Dada, nimeambiwa una jambo kuhusu ile miti," akasema.

"Ndiyo, bosi. Naomba isikatwe."

Akaniita dirishani. "Malori yataanza kuja kila siku. Nikiyaacha barabarani, askari wa trafiki wananisumbua. Ungekuwa wewe, ungeyaweka wapi?"

Nikatazama nje. Nilitafuta jibu kwa moyo wote na sikulipata, na kusema kweli mpaka leo sijalipata.

"Basi nipe nafasi niyatoe maua."

"Maua yapi? Mimi pale naona takataka tu."

"Yamelala."

Akanitazama kwa makini, akavua miwani akaifuta. "Wakataji wanakuja Jumatatu. Kabla ya hapo chukua unachotaka, hata udongo wenyewe."

Ilikuwa Ijumaa. Kiangazi kilikuwa kimekolea, hakuna hata jani moja juu ya ardhi la kuonyesha kitunguu kiko wapi, na vilikuwa vimezaana mpaka vimetapakaa chini ya mikuyu yote. Peke yangu nisingemaliza. Jembe lisingefaa, lingevikata. Nikapanda gari mpaka Kirumba, nikashuka Mwaloni, kwenye soko la samaki.

Mama Kulwa alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwanda vya samaki vikishachukua minofu. Moshi ulikuwa umemzunguka, na wateja walikuwa wengi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Hakuuliza habari ya miti. Hakuuliza habari ya malori. Aliuliza, "Mzee anajua?"

"Hajui."

"Asijue." Akageuza samaki. "Jumapili baada ya misa. Nitawaambia wenzangu."

Jumapili walikuja. Nilitegemea watu wachache, lakini barabara ya kiwandani ilijaa wanawake wenye mabeseni vichwani, wote wa idara za zamani: wa kusokota, wa kufuma, wa kutia rangi. Wapo waliokuwa wanauza dagaa, wapo wa mitumba, wapo waliokuwa hawauzi chochote kwa sababu hawakuwa nacho. Mlinzi alifunga geti.

"Samahani mama zangu, hamruhusiwi. Ninyi mmepunguzwa."

"Tumepunguzwa kazi," Mama Kulwa akamwambia. "Miguu hatujapunguzwa."

Mlinzi alijitahidi asicheke, akashindwa, akafungua.

Tulipiga magoti chini ya mikuyu na kuchimba kwa mikono. Udongo ule ulikuwa laini baada ya miaka yote ya majani, mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Kila aliyekipata kitunguu alipiga kelele kana kwamba ameopoa samaki. Waliimba nyimbo za kulimia za Kisukuma, wakasengenya wasimamizi wa zamani kwa majina, wakaulizana habari za watoto. Kuna mama mmoja wa kufuma alikaa akaegemea shina la mkuyu, akalia taratibu kwa muda mrefu, na hakuna aliyemuuliza sababu. Wengine walimsogelea wakaendelea kuchimba pembeni yake. Jua lilipoinama hapakuwa na kilichobaki. Tukagawana, kila mtu na beseni lake, nikawafundisha kama nilivyofundishwa: shingo juu, kivuli, majani yasifagiliwe, kiangazi maji marufuku. Na wasiruhusu mbuzi, kwa sababu kitunguu kile ni sumu.

Jumatatu mikuyu ilianguka. Niliiangalia yote, maana niliona kwamba lazima mtu wa bustani awepo.

Sikukaa sana kiwandani baada ya hapo. Bustani iliyobaki ilikuwa mstari wa mijohoro na lami. Nikaomba kazi kwenye kitalu chetu, nikaja na vitunguu vyangu kwenye beseni, nikavipanda nyuma ya ofisi. Ndivyo hivyo mnavyoviona.

Lakini ua la mpira likihamishwa linanuna. Msimu wa kwanza hakuna nyumba iliyopata ua. Msimu wa pili vilevile. Wengine walikuja kunilaumu kitaluni. Nyakato vingi vilioza kwa sababu watu waliendelea kuvimwagilia kwa huruma. Mbuzi mmoja wa Mirongo alikula, akaumwa, akapona, mwenye mbuzi akang'oa vilivyobaki. Mimi nilianza kufikiri kwamba tulichimba bure.

Kisha asubuhi moja ya vuli Mama Kulwa akaja kitaluni anahema, hata salamu hakumaliza. "Velo, njoo. Njoo sasa hivi."

Alikuwa anaishi juu mlimani Kirumba, kule ambako nyumba zimebanana katikati ya majabali na njia ni ya kupanda kwa mikono na magoti. Hana mti hata mmoja. Nilimwuliza njiani alikuwa amevipanda wapi, akasema nitaona. Nyuma ya nyumba yake kuna majabali mawili makubwa yaliyoegemeana, na kati yake kuna ufa mpana ambao jua linauchungulia asubuhi kidogo tu. Alikuwa ameujaza ufa ule maganda, majivu, majani ya kubebwa kutoka chini kwa gunia. Na humo ndani, kwenye giza la mawe, ilisimama mipira myekundu.

"Mzee alisema kivuli," akasema. "Hakusema kivuli cha nini."

Nilikaa kwenye jiwe nikacheka mpaka nikachoka. Kisha nikakumbuka kwamba ua hukaa wiki mbili tu, nikashuka mbio bandarini. Kwa bahati nilikuwa namfahamu mhudumu mmoja wa meli. Nikampa ujumbe kwa Edita, amfikishie baba yake: ua limechanua Kirumba, kama anaweza kuja aje, kama hawezi basi. Nilipomweleza Mama Kulwa alinigombeza kwa kumsumbua mzee wa watu. Siku iliyofuata nilimkuta anapaka chokaa ukuta wa mbele.

Mzee aliletwa na meli iliyofuata. Alikuwa amekonda zaidi, na tulipanda mlima tukipumzika kila baada ya nyumba mbili. Mama Kulwa alikuwa mlangoni, amevaa gauni ambalo sikuwahi kuliona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema, kisha akasita. "Lakini tuache hizo, mama. Tumeshazeeka wote."

Akapelekwa nyuma. Aliingia ufani taratibu, akapiga magoti kama alivyopiga siku yangu ya kwanza, akapima udongo kwa vidole, akainusa mikono yake. Yale maua ya mbele yalikuwa yameanza kufifia pembeni. Alikaa humo muda mrefu hata nikaingiwa na wasiwasi.

"Nani amekufundisha mawe?" akauliza kutoka ndani.

"Hakuna. Sina mti."

"Na majani umeyatoa wapi?"

"Nimeyabeba kichwani."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka huko chini. Wewe mzee una maswali. Toka ule, samaki wanapoa."

Alikula. Keshoye akapanda tena mlima, anasema anataka kuona maji yanapitia wapi mvua ikinyesha. Keshokutwa akaja kuangalia viwavi. Alikuwa amefikia kwa ndugu yake Mirongo, na meli ya kurudi Bukoba iliondoka akiwa juu ya jabali anamsaidia Mama Kulwa kujenga kizuizi cha udongo. Meli nyingine nayo ikaondoka. Nilipomwuliza anarudi lini, alisema mmea ukishahamishwa usisumbuliwe mapema, akaniangalia usoni kuona kama nitacheka. Sikucheka. Nilisubiri mpaka nifike barabarani.

Habari zikafika Bukoba, na Edita akaja mwenyewe. Alinifuata kitaluni, mwanamke mrefu kama baba yake, uso umekaza. Tulikaa kwenye benchi karibu na mapipa ya maji.

"Dada Vero, naomba uniambie ukweli. Baba ameacha nyumba, ameacha migomba, ameacha wajukuu. Watu wananiuliza, nashindwa kujibu. Ni kweli amebaki huku kwa ajili ya ua?"

"Ua lilinyauka wiki ile ile aliyofika," nikamwambia. "Tangu hapo pale hapana kitu zaidi ya majani na Mama Kulwa."

Edita aliangalia mikono yake. Niliogopa kwamba nimesema vibaya. Kisha akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akajifuta vumbi la benchi.

"Haya," akasema. "Nipeleke nikamwamkie huyo mama."